Jua la Kivuma

Namba ilikuwa thelathini na moja, na namba hiyo ndiyo iliyokuwa inamsogeza Dadi kwenye kitanzi.

Milimita thelathini na moja za mvua. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye fomu ya kituo cha Kivuma, juu kwenye mteremko wa mashariki wa Uluguru, asubuhi ya Jumanne tarehe 13 Januari 1998. Asubuhi hiyo hiyo mtafiti Fidelis alikufia kwenye mto Luhangu, unaoteremka kutoka Kivuma. Maiti yake ilipatikana siku ya pili, kichwa kimepasuka. Dadi, mkazi wa bondeni aliyekuwa akimsaidia kupima mto, alisema maji yalishuka mara moja kama ukuta na kumzoa mwenzake mbele ya macho yake. Wataalamu wakaulizwa, nao wakajibu kwamba mvua ya thelathini na moja huko juu haiwezi kuushusha Luhangu namna hiyo. Kwa hiyo Dadi alikuwa mwongo. Saa ya mkononi ya marehemu ilikutwa mfukoni mwa Dadi, na jana yake wawili hao walisikika wakibishana dukani. Mkuu wa upelelezi wa mkoa alilifunga jalada kwa kibano na kusema Ijumaa mtu huyo asomewe shtaka la mauaji.

Inspekta Maimuna Rehani ndiye aliyemfunga Dadi pingu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na miwani iliyoshikizwa kwa uzi, na katika miaka kumi na minne ya kazi hakuwahi kurudi nyuma kwenye jalada lililofungwa. Safari hii alirudi. Sababu yenyewe ilikuwa ndogo. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeingia kwenye kumi la mwisho, na kila jioni Furaha, mke wa Dadi, aliketi nje ya kituo na bakuli la futari, akingoja aruhusiwe kumpitishia mumewe. Hakulia wala kulalamika. Jumatatu alimwuliza inspekta swali moja tu, kwamba mwuaji anaibaje saa halafu anakuja nayo polisi mwenyewe.

Jumanne asubuhi Maimuna alimtoa Dadi mahabusu akamkalisha mezani.

"Nieleze ya saa," alisema.

Dadi alieleza kwa mara ya nne, wala hakubadili neno. Walikuwa wakipima kasi ya maji. Fidelis alisimama juu mtoni na chungwa, Dadi alisimama chini ukingoni, hatua hamsini. Fidelis akiliachia chungwa, Dadi anaanza kuhesabu, likimfikia anasoma sekunde. Ndiyo maana saa ilikuwa kwake.

"Na ugomvi wa dukani?"

"Nilimkataza asiingie. Maji yalikuwa yananuka udongo tangu jioni, afande. Mto ukinuka udongo, huko juu mlima umekatika. Akanicheka, akasema, Dadi, wewe una pua, mimi nina namba. Asubuhi akaongea redioni na mzee wake wa Kivuma, akapewa namba, akaniambia unaona, thelathini na moja. Tukaingia." Alitazama mikono yake. "Mimi niliingia kwa kumwonea haya tu."

Maimuna aliandika, akamrudisha. Kama Dadi anasema kweli, alijiambia, basi namba ndiyo iliyodanganya, na namba haina miguu. Ina mtu aliyeiandika.

Nyumba ya mradi wa Fidelis ilikuwa mtaa wa Boma, yenye bati jipya na kompyuta mbili zilizofunikwa vitambaa kama vikapu vya mkate. Irene, msaidizi wa Fidelis, alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Alimweleza inspekta kazi yao kwa ufupi. Fidelis alikuwa anatafuta kujua kwa nini mvua za siku hizi zinakuja kwa vishindo, kiangazi kirefu halafu gharika, na joto la dunia linahusika vipi na milima hii. Kwa hilo alitegemea kipima mvua kimoja kuliko vyote, cha Kivuma, kilichosomwa kila siku asubuhi na mzee Alois kwa miaka kumi na mmoja. Mzee alipunguzwa serikalini wakati watu wanapunguzwa, lakini kupima hakuacha. Kila asubuhi saa tatu alitoa hesabu yake kwa redio ya upepo ya parokia, na fomu zikafuata kwa mkono wa mapadre.

"Halafu Kivuma ikaanza kukauka," Irene alisema. "Tangu katikati ya tisini na sita, mvua imepungua zaidi ya nusu. Fidelis alikuwa masomoni nje wakati huo. Namba zilimfuata huko, akazijengea hoja nzima. Akarudi Novemba, El Nino ikaingia, bondeni watu wanachukuliwa na mafuriko, Kivuma inatoa ishirini, thelathini. Akasema labda sasa mvua zinapiga chini na kuruka juu. Alikuwa na kanuni yake, namba ya Kivuma ikizidi themanini haingii mtoni."

"Alikwenda Kivuma kuangalia?"

"Barabara imekatika tangu Novemba. Alikuwa anangoja ifunguliwe."

"Wewe unaonaje?"

"Naona mzee amechoka. Nadhani anakaa ndani anapika namba."

Na Maimuna alifikiri hivyo hivyo. Mtu mzima, mvua, baridi ya mlimani, hakuna wa kumkagua; nani asingekaa motoni akaandika thelathini? Aliomba fomu zote. Akaletewa maboksi mawili, akakaa nayo sakafuni kuanzia saa nne mpaka karibu na adhuhuri, akifunua moja moja.

Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyefundishwa na mapadre, umesimama wima kama mahindi. Kulikuwa na safu ya mwisho ya maelezo, ambayo Fidelis alimwambia mzee ajaze chochote akionacho. Mzee alijaza kweli kweli. Ukungu. Upepo umeangusha migomba. Chura ndani ya kopo la kipimo, nimemtoa. Na kila siku isiyo na wingu aliandika jua limefika saa ngapi kwenye kipimo. Saa kumi na mbili na nusu. Saa kumi na mbili na nusu. Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Miaka na miaka.

Inspekta alifika Juni 1996, akasimama. Kuanzia tarehe 9 fomu ilikuwa tupu. Alihesabu siku tupu kwa kalamu, akahesabu tena. Zilikuwa arobaini kamili.

"Hapa palikuwaje?" aliuliza.

"Tulidhani redio ni mbovu. Ni miezi ya kiangazi, hatukuona hasara."

Maimuna alirudi kwenye siku tupu. Mtu akikosa kazini siku tatu anaumwa. Akikosa siku arobaini, Mwislamu au Mkristo, amefiwa. Akafunua fomu ya Julai. Tarehe 19 mwandiko ule ule ulirudi. Mvua, hakuna. Maelezo, jua limefika saa mbili na robo.

Alirudi nyuma, akaenda mbele. Saa mbili na robo. Saa mbili na dakika kumi. Mpaka Januari hii, jua la Kivuma halikuwahi tena kufika kabla ya saa mbili.

"Irene," alisema, "Kivuma inatazama wapi?"

"Mashariki. Inatazama bondeni, Ruvu kule."

"Na mtu wa upande wa pili wa mlima, analiona jua lini?"

Irene alifungua mdomo kujibu, kisha akakaa chini taratibu. Mwenye kupika namba, Maimuna alisema, hahangaiki kuandika jua limechelewa. Mzee huyu alisoma kipimo chake kila siku na hakudanganya hata mara moja. Ila mlima ulikuwa umesimama kati yake na jua, na Kivuma hakuna mlima mbele. Jua halihami. Aliyehama ni mtu, na alihama na kopo lake.

Jumatano Land Rover ya polisi ilikwama mahali barabara ilipokatika, Maimuna akapanda kwa miguu saa mbili nzima, amefunga, midomo imekauka. Kivuma ilimpokea kwa harufu ya udongo mbichi. Mteremko ulikuwa na makovu mekundu palipokatika, na migomba ilikuwa imelala chini.

Dominiko, mkulima wa makamo, alimkaribisha magimbi ya kuchemsha, akaelezwa kuwa mgeni amefunga, akayaondoa haraka kwa aibu. Alijitambulisha kuwa kaka yake Paskalia, mke wa mzee Alois. Kisha akampeleka nyuma ya nyumba. Katikati ya majani ya magimbi palikuwa na kipande cha zege mraba, na juu yake mashimo manne ya misumari.

"Paskalia alifariki Juni, mwaka juzi," Dominiko alisema. "Mahali hapa ni pa lukolo letu, afande, ukoo wa mama yetu. Mwanaume anakuja kwa mke, analima, anazeeka. Mke akiondoka na watoto hakuna, naye anarudi kwa mama yake. Ndivyo tulivyokuta. Hatukumfukuza. Baada ya arobaini tulimpikia, akala, akafungua lile kopo akalifunga mgongoni. Shamba lote hili alilima yeye, lakini hakuchukua hata mche. Akasema hili ni la kazi, siwezi kuliacha, siku zitapita bila kupimwa."

"Akaenda wapi?"

Dominiko alielekeza kidole kwenye ukungu, juu ya mlima na ng'ambo yake. "Lukwambe. Kwa wajomba zake, upande wa kwenda Mgeta."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, na hakuwa na kosa. Maimuna aliona uchungu, na hakupata wa kumkasirikia. Akauliza kuhusu usiku wa kuamkia tarehe 13. Dominiko alicheka bila furaha. Usiku ule walilala kanisani, kijiji kizima, mlima ukinguruma. Kulipokucha alirudi akakuta debe ambalo mkewe aliliosha jioni na kulisimamisha uani likauke. Lilikuwa na maji mpaka hapa, alisema, kwenye mkunjo huu. Anakumbuka kwa sababu mkewe alimgombeza kwa kutoliingiza ndani.

Irene alikuwa amemfundisha jambo moja kabla hajaondoka, kwamba chombo chochote chenye kuta zilizosimama wima kinapima mvua. Maimuna alitoa rula. Kutoka chini ya debe mpaka kwenye mkunjo palikuwa sentimita kumi na sita na nusu. Milimita mia moja sitini na tano. Alimwandikisha Dominiko maelezo, akatia sahihi, wakalifunga debe kwa kamba akalibeba mwenyewe kushuka nalo.

Kwa Dadi kazi ilikuwa imekaribia kwisha. Lakini hakimu angeuliza ni nani anathibitisha kwamba kipimo kilihama, na jibu lilikuwa mtu mmoja. Jioni ile, baada ya kufuturu kwa tende na uji, Maimuna alimpigia Irene simu kumwuliza kama mzee ameshaambiwa habari za msiba.

Irene alisema mzee huuliza kila asubuhi, Fidelis yuko wapi, naye humjibu amesafiri. "Redio ile inasikilizwa na parokia zote. Msiba hausemwi redioni. Nilitaka barabara ifunguke nimwendee, nimkalishe chini."

Alhamisi, saa mbili na dakika ishirini, gari lilifika Lukwambe kwa kuzungukia Mlali. Upande huu mvua ilikuwa ya adabu, matuta ya karoti na kabichi yamesimama vizuri na njia ni kavu. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia juu ya mlima. Maimuna alilitazama, akatazama saa yake, akaandika.

Mzee Alois alikuwa ameshaketi kwenye chumba cha redio cha parokia, kopo lake likionekana uwanjani kupitia dirishani, koti limefungwa vifungo vyote, fomu yake ndani ya mfuko wa rambo. Alikuwa mwembamba, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mjini? Basi umetoka kwa Fidelis." Uso wote ulifunguka. "Barabara imefunguka? Kuna kikapu chake hapa. Mama yake, Paskalia wangu, alikisuka kabla hajatutoka, akasema akitoka Ulaya apewe."

Maimuna alivuta kigoda akaketi. Alikuwa amehoji wezi na wauaji, na hakukumbuka siku ambayo swali lilimkwama kama hili. Angeweza kuuliza tu kipimo kilihama lini, apate sahihi yake, arudi mjini. Lakini sahihi ya mtu asiyejua anachotia sahihi, hiyo aliiona ni wizi.

Alimwambia kwanza kwamba Fidelis amefariki. Alimwambia siku, mto, chungwa, na Dadi aliye mahabusu. Mzee alilaza viganja mezani, akavitazama muda mrefu, na machozi yakashuka bila yeye kuyafuta.

"Tarehe 13," alisema mwishowe. "Niliongea naye tarehe 13."

"Ndiyo, mzee."

"Nilimpa thelathini na moja."

"Ndiyo."

"Ilikuwa thelathini na moja kweli. Nilisoma mara mbili."

"Najua. Ilikuwa thelathini na moja hapa Lukwambe."

Maimuna alimwuliza kwa upole kwa nini hakumwambia Fidelis kwamba amehama. Mzee alieleza kwa vipande. Kituo kinaitwa Kivuma. Kwenye fomu limepigwa chapa Kivuma. Redioni wanaita Kivuma. Yeye ni nani abadilishe jina la serikali? Na ili aseme amehama, ingebidi aseme kwa nini. Fidelis alikula kwenye sufuria ya Paskalia miaka mitatu, alimwita mama. Tangu Novemba, kila asubuhi baada ya namba, alikuwa akiuliza, mama hajambo?

"Ulijibuje?"

"Tunamshukuru Mungu. Nilijibu hivyo. Nikamwambia njoo, ukija tutaongea. Huwezi kumwambia mtoto mama yako amekufa, watu wanasikiliza mpaka Matombo. Unamkalisha. Unamshika mkono." Alielekeza kidole dirishani. "Mlima ni ule ule, mwanangu. Nilidhani mvua ni ile ile."

Kisha akainua kichwa, na sasa aliyekuwa anahoji alikuwa yeye.

"Kivuma ilinyesha ngapi?"

Maimuna alitamani mzee asiijue. "Hakukuwa na kipimo. Kulikuwa na debe, nyumbani kwa Dominiko."

"Lilisimama wima?"

"Wima, uani."

"Mbali na paa? Maji ya paa yanadanganya."

"Hatua tisa. Nilizipima."

"Jioni lilikuwa tupu?"

"Mke wa Dominiko aliliosha na kulikung'uta."

Mzee aliitikia kwa kichwa kila jibu, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Hakubakisha upenyo wowote wa kujiokoa. "Ngapi?"

"Mia moja sitini na tano."

Alirudia namba hiyo kwa midomo tu. Alisema kwamba angemwambia mia moja sitini na tano, Fidelis angekunywa chai, angelala, angemtania Dadi kutwa nzima. Halafu akasema kwamba kijana wa watu akatolewe, na aonyeshwe pa kutia sahihi. Maimuna aliandika maelezo yake, akamsomea, mzee akatia sahihi kwa mwandiko ule wa wima. Baada ya hapo akaomba fomu zake za nakala. Akaanza na ya Julai 1996, akakata neno Kivuma kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika Lukwambe. Akachukua ya Agosti.

Alikuwa kwenye ya Oktoba redio ilipokoroma. Saa tatu.

"Kivuma, Kivuma, mjini hapa. Kivuma, unanisoma?" Ilikuwa sauti ya Irene.

Mzee aliweka kalamu. Maimuna alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti yeye mwenyewe, amwepushe, lakini mzee alikwisha kukishika, akabonyeza.

"Mjini, Kivuma hakuna mtu," alisema. "Hapa ni Lukwambe. Mvua, milimita tisa. Jua limefika saa mbili na dakika ishirini." Alivuta pumzi. Parokia zote za milimani zilikuwa zinasikiliza. "Maelezo. Paskalia amefariki. Amefariki tarehe tisa Juni, tisini na sita. Andika, binti yangu. Mwambieni Fidelis, huko alikolala."

Aliachia kitufe. Redio ilikoroma tupu, hakuna aliyeingia hewani. Maimuna alitazama saa yake kwa mazoea ya kazi, akaandika kwenye daftari saa tatu na dakika nne, kisha akavua miwani kwa kuwa haoni tena anachoandika.